Wifi Kanifuata Kwenye Kipimo cha Mishipa

Shosti, bado natetemeka kwa hasira!

Si nilikwenda kupimwa mishipa ya fahamu, huu mkono unaokufa ganzi? Wifi akajipeleka. Eti ahakikishe sijifanyi ili nisifue mashuka ya mama yao.

Mpimaji kanibandika nyaya mkononi, kaniambia nilegeze misuli, maana nikiikaza tu mashine inanguruma. Mstari kwenye kioo cha mashine ukatulia, mashine kimya.

Wifi akafungua domo: "Mvivu tu huyu!"

Mashine ikanguruma! Mstari ukaruka juu! Akanyamaza, ukatulia. Akarudia, "Mvivu!" Ukaruka tena!!

Mpimaji akamgeukia: "Dada, subiri nje. Unaniharibia kipimo."

Nilipotoka wifi kaniuliza, "Wamekuta nini?"

Nikamwambia, "Mshipa umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Na wewe umeonekana kwenye mashine."