Maneno Mia Tatu ya Shangazi Mize

Shangazi yangu,

Daftari lako ninalo. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza nani alipika pilau ya khitma yako. Jalada limeng'oka na kurasa za mwisho zina chumvi, lakini maneno yote mia tatu ya Kiingereza yamo, kuanzia lile la kwanza, "samahani", ambalo ulisema hotelini ndilo ulilolihitaji kuliko yote.

Nina kosa la kukueleza. Nivumilie. Unanijua, kusema siwezi, naandika.

Baada ya arobaini yako nilikwenda nalo shule, nilitaka tu liwe karibu nami. Mwalimu wetu wa Kiingereza akaliona, akalifunua. Nikamweleza kwa sauti ya kunong'ona kwamba shangazi yangu alikuwa akifua mashuka hotelini, akaona wageni na wafanyakazi wanaelewana kwa maneno machache tu, akayaandika. Kwamba aliporudi kwenye mwani Jambiani aliwafundisha wenzake, ili wauze sabuni zao za mwani bila kumtegemea dalali awasemee. Nikamweleza kwamba sasa kinamama wameniomba niwafundishe mimi kila Jumamosi, nikamweleza na sheria yako: likiingia neno jipya, la zamani moja litoke. "Kichwa changu si bohari," ulikuwa ukisema.

"Raya," mwalimu akasema, "hiki si Kiingereza. Haya ni makombo."

Darasa lilicheka. Nami, Shangazi, nilikuonea haya. Wewe!

Mwalimu alikuwa amenichagua niwakilishe shule kwenye mashindano ya kuhutubia kwa Kiingereza. Akaniambia nikitaka kuiwakilisha, niachane na makombo, nikafundishe lugha kamili au nisifundishe kabisa. Nikanunua daftari jipya, nikalijaza maneno makubwa. Jumamosi nikifika Jambiani, kinamama wamekaa chini wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba, mimi nasimama mbele yao kama mwalimu wangu. Wewe hukusimama hata siku moja. Ulikaa nao, kila fundo na neno lake, na asiyelitamka hapewi kijikamba kingine cha kufungia mpaka alitamke. Mimi niliwaambia waweke kamba chini wanisikilize. Mwani unakauka juani, mimi nataka nisikilizwe.

Walikuwa kumi na mmoja. Kufikia bamvua la pili, maji yalipokupwa tena sana, walibaki wanne.

Bi Kazija, mmoja wa hao wanne, ndiye aliyeniambia sababu. Yeye hazungushi. "Mwanangu, shangazi yako alitupa mdomo. Wewe umekuja kuutia kufuli."

Jumamosi iliyofuata nilikuja na daftari lako, nikakaa mchangani, nikaomba kijikamba. Fundo langu la kwanza lilifunguka, la pili pia. Bi Kazija akasema mwani wangu utafika Pemba peke yake. Walicheka mpaka mmoja akashika mbavu, na katika kicheko hicho hicho maneno yakaanza tena.

Siku hiyo akaja mama mmoja wa Kitaliano. Alinunua sabuni kwako mwaka jana, na alikuwa anamtafuta mwalimu, yaani wewe. Kiingereza chake kidogo kama chetu. Wote wakanigeukia mimi, msomi, na mimi nililijua neno, nalijua kwa namna tatu, lakini nikainamia daftari lako nikilitafuta humo. Daftari lako halina neno la kufa. Unakumbuka tulivyobishana? Ulikataa lisiingie. Ulisema aliyekufa hayupo, na "hayupo" tunalo tayari.

Bi Kazija akaweka kamba chini. Akamwambia yule mama, taratibu, kwa Kiingereza chako: yeye hayupo, maneno yake yapo.

Yule mama akaketi mchangani pamoja nasi. Hakuuliza tena. Alielewa yote, Shangazi, hakuna kilichopungua.

Jumatatu nilisimama darasani bila kuitwa. Nikasema, "Mwalimu, mgeni akija na maneno mawili ya Kiswahili tunampigia makofi. Bi Kazija ana mia tatu ya Kiingereza, tunamcheka. Kwa nini?" Safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu akasema basi nafasi ya mashindano atapewa mwenzangu. Nikasema apewe.

Sitakudanganya kwamba haikuniuma. Hotuba nilikuwa nimeshaiandika. Na vitabu vyangu vinene bado navipenda, maneno magumu nayapenda vilevile. Lakini hayo ni yangu, ya chumbani kwangu. Sitakubali tena yawafunge watu midomo. Wenye Kiingereza wanaweza kukiita chetu kibovu wakitaka. Pale ufukweni kinafanya kazi, na kwa wengi wanaokuja kununua, Kiingereza si lugha yao pia.

Sasa tupo tisa. Wiki iliyopita wageni waliuliza kwa nini mwani umepungua; ni joto la bahari, na neno la joto hatukuwa nalo. Kinamama wakalipigia kura, likaingia. Ikabidi moja litoke. Nilidhani watatoa "mwavuli", ambalo hakuna anayelitumia. Bi Kazija akalifungua daftari ukurasa wa kwanza, akaweka kidole juu ya neno lako la kwanza.

"Hili tumelisema vya kutosha," akasema.

Mikono yote ikapanda. Nililikata mimi mwenyewe kwa kalamu yako.

Kwa hiyo nalitumia leo mara ya mwisho, kwako wewe peke yako, kwa ile siku niliyokuonea haya. Samahani, Shangazi. Baada ya hapa hakuna atakayelisikia kwangu kwa sababu ya daftari hili, awe mwalimu au mgeni. Nakuahidi hilo.

Mungu akulaze pema. Bamvua linaanza Ijumaa, na mafundo yangu siku hizi hayafunguki.

Raya wako