Miguu Iliyonitangulia

Gulwe, Ugogo
9 Julai 1911

Mpendwa kaka yangu Sila,

Shikamoo. Hamjambo huko Dar es Salaam? Wifi yangu Ruthu kifua chake kimepona, au bado anakohoa akipika? Sisi tu wazima. Upepo wa Julai unatuchapa mpaka midomo imepasuka, lakini uwele umeingia ghalani, na shangazi Hana anamshukuru Mungu huku akiwagombeza panya.

Najua umekasirika. Wewe na wifi mlisimama kituoni, watu wote wakashuka, mimi sikuwamo. Nisamehe sana, kaka. Tangu mume wangu afariki umekuwa ukiniita nije nipumzike kwako, na safari hii nilikubali kwa moyo wote, hata mzigo niliufunga. Naomba usome mpaka mwisho ndipo unigombeze.

Unaikumbuka ile ndoto niliyokuandikia wakati wa mvua? Naona miguu ya mtu ikinitangulia njiani, peku, inang'aa kwa mafuta, nami naifuata. Uso siuoni. Njia ni nyeupe, hakuna sauti yoyote, na moyoni nina amani ambayo sijawahi kuipata nikiwa macho. Nikiamka bado nanyoosha mkono ili niiguse.

Siku hizo hizo wafanyakazi wa reli walikuwa wakipita hapa kwetu wakirudi kutoka kambini. Ukiitazama miguu yao utalia. Funza wamejichimbia chini ya kucha, nyayo zimevimba, wengine wanatambaa kama watoto. Nilimwita mmoja upenuni, nikamwosha kwa maji ya moto yenye chumvi, nikamtoa funza kwa mwiba wa mgunga, polepole ili kifuko chake cha mayai kisipasuke, kisha nikampaka mafuta ya nyonyo. Sikujua kama hiyo ni kazi. Niliona tu kwamba ugali haupiti kooni miguu ile ikiwa pale nje.

Basi wakaja Wanyamwezi, wakaja Wasukuma, akaja hata Bashiri, yule mfanyabiashara wa Kondoa mwenye punda, ambaye alijifunika kanzu usoni kwa aibu nilipokuwa namtoa funza. Majirani wanasema natafuta mume. Shangazi naye hakuniacha: "Wenzako humtazama mwanamume usoni, wewe unaanzia chini!"

Kisha ikaja barua yako. Ulisema miguu ya ndotoni ndiyo safari ya kuja kwenu, kwamba Mungu ananionyesha njia ya pwani. Nikakuamini, maana wewe ndiye uliyenifundisha kusali.

Siku ya safari mzigo wangu alinibebea Msafiri. Huyu ni Mnyamwezi ambaye wenzake walimwacha hapa kwa sababu hakuweza hata kukanyaga chini. Nilimtibu mwezi mzima, naye akapona, na sasa anapakia kuni za treni pale kituoni. Treni ikaja. Kutoka behewa la mizigo wakamshusha mtu, wakamketisha chini penye jua, wakaenda zao. Mguu wake ulikuwa umevimba, kidole gumba chote cheupe kwa funza.

Nikajiambia, nitamtoa funza mmoja tu, treni bado inajaza maji. Mwiba ninao siku zote, nimeuchomeka kwenye nguo. Nikapiga magoti. Kaka, sijui ilikuwaje. Sikusikia filimbi wala magurudumu. Kulikuwa kimya kama kule ndotoni. Nilipoinua kichwa reli ilikuwa tupu, na moshi umeshafika vilimani.

Nilipiga kelele, "Mzigo wangu!"

Msafiri alikuwa amesimama nyuma yangu nao. "Dada, sikuupandisha."

"Kwa nini?"

"Nilikuona unautafuta mwiba."

Yule mgonjwa tulimwegemeza kivulini, wenzake Msafiri wa pale kituoni wakaahidi kumleta kwa machela, na Msafiri akauweka mzigo wangu kichwani, akatangulia kuelekea nyumbani. Nilimfuata nimeinamisha kichwa, nakufikiria wewe umesimama huko unanisubiri, machozi yananitoka. Ndipo nikaiona. Miguu miwili peku mbele yangu, inang'aa mafuta, maana hujipaka kila asubuhi kama nilivyomwagiza, na njia nyeupe kwa vumbi. Nilisimama pale pale. Aligeuka kuniuliza kama nimechoka, na kwa mara ya kwanza nikauona uso.

Nilicheka tu, kwa furaha ambayo siwezi kuiandika.

Kaka, sitakuja. Si kwamba sikupendi.

Mwambie wifi asitupe nguo zake kuukuu, anitumie nifungie vidonda. Nisalimie Yotham mdogo, mbusu mashavu yote mawili, na mzee Bartolomayo mpe shikamoo yangu. Shangazi anawasalimu, anasema mle mshibe. Mungu awafunike ninyi nyote mchana na usiku.

Baada ya mvua njoo wewe. Kigoda chako kipo upenuni, na hata ukija na viatu vyako vya mjini, utavivua.

Mdogo wako akupendaye daima,
Loisi