Nimfokee Mama Mkwe Ili Mtoto Apumue?

Shangazi mpendwa, pokea salamu zangu, na ukishazipokea nisaidie, maana mwenzako nimechanganyikiwa kabisa, sijui nimekosa wapi, wala sijui kama nimekosa. Mimi ni muuguzi wa watoto katika kituo cha afya, na mama mkwe wangu ni muuguzi hapohapo, tena yeye ndiye aliyeniombea kazi, na nyumba tunakaa moja, kwa hiyo ninavyokwenda naye zamu ndivyo ninavyorudi naye.

Hivi karibuni tuliletewa mkufunzi wa kutufundisha kumwokoa mtoto aliyeacha kupumua, tukawekewa mwanasesere mezani, mimi nikachaguliwa kiongozi, na sheria ya mkufunzi ni kwamba kiongozi anamtazama mtu usoni, anampa amri fupi, naye anairudia kwa sauti huku anafanya, hakuna kubembelezana. Sasa niambie Shangazi, mama mkwe nitampaje amri? Siku ya kwanza nikasema, "Mama, samahani, kama hutajali, naomba unisaidie hapo kwenye kifua," na kabla sijamaliza mkufunzi akaangalia saa yake akasema mtoto ameshafariki. Masikio yaliniwaka kwa aibu. Siku ya pili nikajikaza, nikapaza sauti, "Mama! Bonyeza kifua, sasa hivi!" Akaruka, akabonyeza kwa kiganja kwa nguvu zake zote, mkufunzi akamwambia huyo ni kichanga si mtu mzima, wenzetu wakacheka, mama akampisha mwingine, mwanasesere akapona, mimi nikapigiwa makofi.

Nyumbani mama aligusagusa chakula tu akaenda chumbani, na mume wangu akaniuliza, "Umemfokea mama mbele za watu?" Nikamwambia ni mafunzo. Akasema, "Mafunzo sawa, lakini yule ni mama yangu, kamwombe radhi." Mkufunzi anasema nimefanya vizuri, mume anasema nimevunja heshima, sasa nimsikilize nani?

Juzi ndiyo balaa lenyewe. Mwanamke aliingia mbio na mtoto mchanga amelegea, midomo imebadilika rangi, na chumbani tuko mimi na mama mkwe tu, mkufunzi keshaondoka katuachia mwanasesere tu, nikafungua mdomo amri isitoke, namtazama yeye, yeye ananitazama mimi, mikono yake iko juu ya mtoto haishuki. Mtoto akakohoa mwenyewe, akalia. Mama yake akatushukuru sana, nami nikaona haya, maana hatukufanya kitu. Jioni tuko jikoni, mama mkwe anamenya viazi amenipa mgongo, akauliza, "Hivi kwa kichanga ni vidole gumba au kiganja?" Nikaona ananipiga kijembe, nikajifanya sikusikia. Jumatatu natakiwa nijibu kama nakubali kuwa kiongozi wa dharura wa zamu yetu. Nikikubali nyumba inawaka moto, nikikataa nahamishiwa chumba cha chanjo kusiko na dharura, huku roho inanisuta. Nishike lipi?

Mimi mkwe wa watu

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, pole. Nilicheka hapo uliposema "kama hutajali". Mtoto hapumui nawe unapiga hodi! Lakini nilipofika kwa yule mwanamke aliyeingia mbio, kicheko kilikatika.

Sasa nikuseme kidogo, maana umejileta mwenyewe. Unadhani mama mkwe ameudhiwa na amri. Kwani ulipomwamuru hakuruka akafanya? Kilichomchoma ni vicheko vya wenzenu, na wewe uliyekuwa unapigiwa makofi hukumtupia hata jicho. Mtu ameuguza watoto wa watu umri wake wote, leo anaambiwa anabonyeza vibaya, tena mbele ya mkwe ambaye yeye ndiye aliyemwombea kazi. Ungekuwa wewe, chakula kingeshuka?

Na lile swali la jikoni wala si kijembe. Mikono yake haikushuka kwa sababu hajui aishushe vipi, na ameogopa kumuumiza mtoto. Alikuuliza wewe, tena kwa kukupa mgongo, ili asichekwe mara ya pili. Nawe ukajifanya huna masikio! Hapo ndipo ulipokosa, si kwenye kupaza sauti.

Haya, fanya hivi. Leo hii, usingoje Jumatatu, ingia chumbani kwake umwambie, "Mama, uliniuliza nikanyamaza, nisamehe." Kisha mjibu: vidole gumba viwili, viganja vimezunguka kifua. Mkifika kazini mchukueni yule mwanasesere, mfunge mlango, abonyeze mpaka mikono izoee. Halafu awe kiongozi yeye, akuamuru wewe, akufokee akitaka, nawe urudie kila amri kwa sauti. "Mama" ibaki, "kama hutajali" muizike. Mumeo mwambie kwa upole kwamba akitaka kusaidia aoshe vyombo, ya kituoni awaachie wauguzi. Jumatatu jibu ndiyo, na umwambie mkubwa wako kwamba mtakuwa mnafanya mazoezi kila wiki, mkufunzi awepo asiwepo.

Heshima ni kitu kizuri, sikatai. Lakini mama mkwe ukimkosea, kesho utamwomba radhi naye atakusikia. Yule kichanga ukimchelewesha, radhi utamwomba nani?