Kwa Nini Nagano

Xiaobei, Guangzhou
Mwishoni mwa Rajabu

Dada yangu mpenzi Mwatima,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute umeketi, mwili mzima, na mama magoti yakiwa yamempa nafuu. Sisi huku tunakula na kulala, alhamdulillah. Kuhusu mengine utajionea mwenyewe kadiri unavyosoma.

Najua utashangaa Dainess kukuletea barua, na juzi tu tumetumiana sauti kwenye simu. Lakini wewe sauti zangu huzisikiliza ukumbini, mama pembeni, na watoto wa shangazi wanagombania simu. Maneno haya nataka uyasome peke yako. Funga mlango wa chumba, dada.

Mwezi uliopita Maulid alirudi kutoka ofisini, akavua viatu, akaniambia kwamba Mwaka Mpya wa Kichina ukiingia na masoko yakifungwa, tutakwenda Japani, mimi na yeye, kwenye milima ya Nagano, tukacheze theluji. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Unamjua shemeji yako. Guangzhou ikipoa kidogo tu analala na soksi na sweta mbili, na teksi ikiwa na kiyoyozi hugombana na dereva. Tangu nimfuate huku, baada ya corona, nimemwomba anipeleke japo Beijing nikauone ule ukuta, na kila mara jibu ni kwamba mzigo haujafungwa. Leo theluji?

Siku za mwanzo nilifurahi, sikufichi. Nikakaa naye kwenye kochi tukitazama video za watu wanaoteleza milimani na mbao zao miguuni. Nikamwita Dainess, huyo binti wa Mbeya anayesomea ufamasia hapa, kwa kuwa aliwahi kwenda Japani na wanafunzi wenzake. Akatushauri twende Hokkaido, akasema theluji ya huko ni laini kama unga wa ngano, na mjini kuna masanamu ya barafu marefu kama nyumba. Maulid hakutaka hata kumsikiliza. Ni Nagano tu, alisema. Wala si Nagano kwenye mahoteli ya watalii, ila bonde moja ambalo Dainess hakupata kulisikia, katika nyumba ya wageni yenye vyumba vichache. Nilipomuuliza kaijuaje nyumba hiyo, akasema kaambiwa na mteja. Kesho yake nikamuuliza tena kama mtu aliyesahau, akasema kaiona mtandaoni. Hapo ndipo nilipoanza kumshuku. Mtu mkweli ana haja gani ya majibu mawili?

Tukaenda kwa wakala wa viza, pale Huanshi Zhonglu. Binti wa Kichina akatuuliza kama tuna mwenyeji yeyote kule. Maulid akajibu hapana kabla swali halijaisha. Binti wa watu akamtazama, kisha akanitazama mimi, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Kutoka hapo nikawa mpelelezi ndani ya nyumba yangu. Simu yake ikilia kwa ule mlio wa WeChat, alitoka nayo kwenye ngazi. Nikiufungua mlango kana kwamba naenda kutupa taka, alikuwa akicheka kicheko chake cha kijana, kile nilichokisahau, kisha hukata. Nikajiambia: mwanamke. Wafanyabiashara wangapi wa hapa tunawajua, wana mke Kariakoo na mwingine ghorofa ya pili?

Siku moja alinipeleka kwenye ukumbi mkubwa wa theluji ya kutengeneza, nje ya mji, tukafanye mazoezi. Tulivishwa viatu vizito kama matofali, tukapewa fimbo mbili mbili. Maulid alianguka mbele ya watoto wadogo wa Kichina waliokuwa wakipita kama mishale, akainuka, akaanguka tena. Nilicheka nikasahau mashaka yangu yote. Nikampa mkono kumwinua. Akiwa bado chini, mkono wangu ameushika, akaniuliza: "Hivi harusi ya Mwatima na Yasir ni Shaaban mwanzo au katikati?"

Nikamjibu mwanzo, Inshallah. Akaniachia mkono, akabaki ameketi kwenye barafu. Nikajiuliza, mtu ameanguka kwenye theluji, harusi ya shemejiye imemjiaje?

Wiki iliyofuata tukaenda Guangyuan Xilu kutafuta makoti. Wenye maduka wanaomwita *pengyou*, yaani rafiki, walimshangaa kumwona anapima nguo za baridi badala ya kununua marobota ya fulana. Nikachukua koti langu, naye lake. Halafu nikamwona kwenye kona anashika kijikoti chekundu cha mtoto, anakipima kwa kiganja, begani mpaka kiunoni. Nikamuuliza cha nani. Akasema sampuli, anataka kujaribu soko la Arusha. Dada, mimi na Maulid hatujajaaliwa mtoto, na unajua nimelia kiasi gani kwa ajili hiyo. Usiku ule sikumpa mgongo wala uso. Nililala chali natazama dari.

Kilichonivuruga kabisa ni unga. Alikuja na mfuko wa unga wa muhogo kutoka duka la Waafrika, akauweka kwenye sanduku la safari, chini ya masweta. Maulid hali ugali wa muhogo, hilo bada letu. Tangu nimjue, akiliona bada sahanini husogeza kiti. Nikasimama mbele ya sanduku lile nikitafuta mwanamke gani wa Kijapani anayekula bada, nikakosa. Ila woga wangu haukupungua, ulibadilika tu sura. Nilianza kuogopa kitu ambacho sikukijua jina.

Jumamosi iliyopita Maulid alikuwa bafuni. Simu yake ikalia mezani, simu ya video. Sikuwahi kuigusa simu yake hata siku moja. Siku hiyo niliigusa.

Nikaona mlima mweupe, paa lililofunikwa theluji, na mwanamume aliyevaa kofia ya sufu, beleshi mkononi, anazoa theluji mlangoni. Nyuma yake mtoto mdogo anakimbia akipiga kelele za furaha. Yule mtu hakutazama kioo. Akasema kwa Kiswahili cha kwetu Tanga kabisa, cha Ngamiani: "Maulid, ndugu yangu, barabara imezibwa tena, lakini mpaka mje wataifungua." Kisha akainua uso.

Ndevu zimeingia mvi. Ule mwanya wa meno upo vilevile.

Akasema, "Swalha." Basi, hilo jina langu tu. Simu ikageuka, nikaona theluji tupu, ikakatika.

Dada Mwatima, Ahmada yu hai. Mumeo yu hai. Soma tena kama hukuamini, mimi mwenyewe nimeandika mstari huu nikauangalia.

Maulid alipotoka na taulo begani alinikuta sakafuni. Nikamwambia, "Ahmada amekupigia. Anasema barabara imezibwa." Alikaa chini pale pale, maji yakimtiririka, hakuuliza Ahmada yupi.

Akanieleza yote. Kwamba Ahmada, walipokuwa wakifanya biashara pamoja hapa, alijuana na mwanamke wa Kijapani kwenye maonyesho ya biashara. Mwaka ule kabla ya corona, wewe ulipokuwa ukiambiwa yuko China ya kaskazini anafuata mzigo, alikuwa amekwishahamia Nagano kwa yule mwanamke, mwenye nyumba ya wageni wanaokuja kuteleza. Corona ilipofunga mipaka, Ahmada akamlilia Maulid. Akasema ni heri Mwatima alie kwa mume aliyekufa kuliko kwa mume aliyemkimbia. Na Maulid akakubali, kwa kuwa wamekua nyumba moja kama ndugu. Ndiye aliyekupigia simu kusema homa imemchukua na Waislamu wa huko wamemzika. Ndiye aliyemthibitishia Kadhi kwa mdomo wake. Nawe ukaketi eda ya mtu anayezoa theluji.

Nikamuuliza, sasa safari hii ni ya nini? Akasema tangu asikie Yasir amekuposa hapati usingizi, anajua ndoa hiyo ikifungwa, dhambi yake ni shingoni mwake. Kila akimtajia Ahmada talaka kwenye simu, Ahmada hukata. Akaona aende mwenyewe, amkamate uso kwa uso, atoe talaka mbele ya mashahidi, kisha arudi, akae kimya, na harusi ipite. Nikamwambia, "Na eda ya talaka je, Maulid? Utaifuta nayo kwa theluji?" Nikamuuliza na mimi alinitakia nini. Akasema hakuwa na kinywa cha kuniambia hapa. Alitumaini nikifika kule, macho yangu yatamsaidia.

Ameniomba nisikuambie mpaka turudi. Amelia. Amenishika miguu, na mimi bado ni mkewe na nampenda, sitakudanganya. Sikumwahidi kitu. Asubuhi nikaenda kwa Dainess nikamuuliza anaondoka lini kwenda kwa mjomba wake huko Tanga, nikaketi kwenye kitanda chake kuandika haya.

Kwa hiyo, dada, usikubali nikaha isomwe. Nenda kwa Kadhi, mwambie shahidi wake alisema uongo, na shahidi huyo ni mume wa mdogo wako. Mtaje kwa jina. Nitaje na mimi, nitasema nilichokiona. Yasir mwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Ni muungwana, na muungwana hungoja.

Mimi safari naenda. Maulid anadhani nimenyamaza kwa kukubali. Tutakapofika bonde lile nitasimama mbele ya Ahmada na simu mkononi, na utakalotaka kumwambia, au kutomwambia, ni lako. Ukitaka talaka, ataitoa ukimsikia. Ukitaka kumuuliza kwa nini, atajibu. Ukitaka asiuone uso wako tena maishani, nitumie neno moja tu, nami simu nitaizima na kumpa mgongo kwa niaba yako.

Sijui nimekuletea msiba au nimekuondolea. Kwa Maulid sijui nitarudi kuwa nani. Lakini nimeona heri nikosane na mume kuliko nikupigie vigelegele unaolewa ungali mke wa mtu.

Mama msalimie, ila usimwambie leo, mwache ale chakula chake kwanza. Watoto wa shangazi wabusu. Mungu akutie nguvu mahali ambapo mikono yangu haifiki.

Ndimi mdogo wako,
Swalha