Disketi Uliyosema Umeipima

Chang'ombe, 12 Juni 1996

Mwanangu Badru,

Marahaba, salamu zako zimefika. Baba yako hajambo, bibi yako Tunu mguu umepoa, dada yako Naima kajifungua mtoto wa kike. Mie tu ndiye nisiyetulia.

Ile programu ya kumbukumbu za wagonjwa uliyowaletea zahanati kwenye disketi kabla hujarudi Bombay imewachanganya Zubeda wawili. Zubeda jirani yetu kachomwa sindano inayomdhuru, kavimba uso, kalazwa siku tatu. Alhamdulillahi kapona.

Fundi wa kompyuta kaikagua, kaniambia, "Mama Badru, mwanao kainunua dukani hii, kabandika jina lake tu. Hata hakuijaribu." Na mie niliwaapia wale wa zahanati: "Kaitengeneza mwenyewe, kaipima!" Wakaniamini.

Kununua si kosa. Hata mie nanunua unga, lakini naupepeta kabla sijawalisha watu. Wewe ulinilisha uongo, nami nikawagawia majirani.

Daktari karudia daftari, ila anauliza programu hiyo ina kasoro gani nyingine. Nijibu upesi, mwanangu. Pole usiniandikie. Niandikie ukweli, nikausome mbele ya Zubeda.

Mama yako,
Thuraya