Mapindo ya Majoho

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima na kupiga pasi mashuka ya hoteli hakujakumaliza mgongo. Sisi huku wazima, ila mimi nimefungwa.

Jicho wamelipasua salama. Daktari anasema pazia la nyuma ya jicho lilikuwa limebanduka. Amelirudisha, akatia hewa ndani ili ilisukume mpaka lishike. Sasa hewa hupanda juu, kwa hiyo natakiwa nilale kifudifudi, usiku na mchana, mpaka atakaposema basi. Seremala jirani amekata tundu kitandani nipitishe uso, na chini ameweka kigoda. Hapo ndipo ninapokuandikia, kwa jicho lililobaki, ambalo unajua na lenyewe linavyopungua.

Siku nzima naona sakafu na miguu ya watu. Mchungaji alikuja kuniombea, akavua viatu mlangoni kwa heshima. Soksi yake imetoboka kwenye kidole gumba. Badala ya kusema amina, nilikuwa nawaza sindano.

Kinachonikera ni majoho ya kwaya ya kufungulia kanisa jipya. Anayemalizia ni shangazi yako. Unamjua shangazi yako, anaweza kupindisha mshono kwenye kitambaa cha mistari. Na cherehani iko chumba cha pili, pale dukani kwangu, nasikia kila kitu.

Jicho nimemkabidhi Mungu. Majoho bado natafuta wa kumkabidhi.

Mama yako.

9 Machi

Mama,

Shikamoo. Ningekuuliza hali, lakini shangazi ameshaniambia, na chakula kimenishinda.

Mama, umeinuka. Anasema alikusihi, lala wifi, lala wifi, na wewe ukaja umeshika ukuta, ukamtoa kwenye kiti, ukafumua mikono ya majoho matano. Kisha ukamwonyesha jinsi ya kuipachika, umeinama, jicho limefungwa bandeji. Ulitaka nini? Kwaya iimbe vizuri zaidi kwa sababu mkono umekaa sawa begani?

Nimekupigia simu jana mara nyingi hukupokea. Nijibu, usije ukanyamaza.

Mimi hapa, mwanao.

12 Machi

Mwanangu,

Usinigombeze, daktari amekutangulia.

Pazia limebanduka tena. Jumatatu napasuliwa mara ya pili, na amesema ya tatu haipo. Likikataa safari hii, jicho limekwenda, na hili jingine halitoshi hata kutunga uzi.

Usidhani sikuwa naomba. Niliomba kila nilipofungua macho, na nilimaanisha. Kisha nasikia cherehani inakata uzi, inakata tena, najua kabisa hajalegeza ile skrubu ya juu inayobana uzi, najikuta nimesimama. Miguu ilikwenda yenyewe.

Naogopa, mwanangu.

Mama yako.

14 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole. Nimesema pole, sasa nisikilize.

Umenichosha. Kila Jumapili unasimama mbele ya watu unashuhudia kwamba umemtwika Bwana mizigo yako. Humtwiki, mama. Unamwonyesha tu, halafu unairudisha kichwani. Baba alipougua ulikesha naye ukasema Mungu ndiye anayemlinda, na bado muuguzi akimgeuza ulimgeuza upya. Sisi tulipokuwa shuleni ulituombea asubuhi, saa nne uko dirishani kwa mwalimu. Unamwamini au humwamini? Kama unamwamini, lala. Kama humwamini, pia lala, maana daktari amesema.

Nimeomba likizo. Nakuja kukukalia mgongoni mpaka hiyo hewa ishike.

Mwanao, niliyechoka kabisa.

17 Machi

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Ya kwanza nilitaka kukuchapa. Ya pili nilicheka mpaka shangazi yako akaja kutazama.

Usije. Ukija, tutakuwa wawili wa kusikiliza cherehani. Ni wewe uliyeniambia kwamba wenzako wakishakunja mashuka na kwenda zao, unayafungua na kuyakunja upya. Ulidhani umeyatoa wapi hayo? Kwa hiyo tugawane hilo gombezo, nusu yako.

Leo shangazi yako aliporudi kutoka ibadani nimemwita, nikamvulisha viatu, maana nimeshazoea kuongea na vidole. Nikampa ufunguo wa duka. Nimemwambia ashone anavyojua, nami sitauliza. Akalia. Wifi yangu huyo, miaka yote hii tunashona pamoja, na sikuwahi kumwachia ufunguo.

Halafu nikabaki na Mungu. Sikupamba maneno. Nilimwambia, nimechoka kukaa zamu pamoja na wewe. Mimi nalala, kaa peke yako. Jicho ni lako, majoho ni yako, hata huyu binti mkali ni wako.

Kesho naingia chumba cha upasuaji.

Mama yako.

28 Machi

Mama,

Shikamoo. U hali gani? Msimamizi amenikatalia likizo, ndiyo maana hujaniona. Lakini kalamu unayo na kigoda unacho. Mbona kimya?

Najua ulitoka salama, shangazi alinipigia siku ileile. Tangu hapo, kila nikipiga jibu ni moja, amelala. Asubuhi amelala. Mchana amelala. Mama, wewe hujawahi kulala mchana tangu nikujue. Naona mnanificha. Kama jicho limekwenda, niambieni, mimi si mtoto.

Mwanao.

4 Aprili

Mama,

Sina salamu leo. Hii ni barua ya pili. Shangazi amezima simu yako, anasema nampigia kuliko kampuni ya simu yenyewe. Nimegombana na msimamizi, nimeunguza shuka la watu kwa pasi, nimemwombea kila mtu mabaya kisha nikamwomba Mungu msamaha. Roho iko juu. Niandikie neno moja tu.

Mwanao.

7 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Salamu za upendo. Barua zako zote mbili zilikuwa chini ya kigoda, nimezisoma leo.

Hakuna aliyekuficha kitu. Nimekuwa nalala.

Wiki iliyopita kwaya walikuja kunionyesha majoho kabla ya siku ya ufunguzi. Wakajipanga kuzunguka kitanda. Mimi, kwa nafasi niliyonayo, naona mapindo tu. Mwanangu, mapindo yale. Moja linagusa kisigino, la pili limepanda hadi katikati ya mguu, la tatu linapanda na kushuka kwenye joho hilohilo moja. Nilikunja ngumi chini ya mto. Nikafungua kinywa nimwite shangazi yako alete pini, na miguu yake ilikuwa pale pale mlangoni, inasubiri, kidole kimoja juu ya kingine.

Wakaanza kuimba. Nikasubiri hasira ipande, haikupanda. Nakumbuka ubeti wa kwanza. Nilipofumbua macho, sakafu ilikuwa tupu na jua limehama. Nililala usingizi, mwanangu, mapindo yale yakiwa mbele ya uso wangu. Shangazi yako anasema walitoka wamenyata wamebeba viatu, na kanisa likafunguliwa hivyo hivyo.

Jicho bado limefungwa. Daktari atalifungua Ijumaa, na hajui kama litaona. Hata mimi sijui. Nilidhani kutokujua huku kutaniua, lakini nakula, naomba kidogo, usingizi unanichukua.

Na wewe nenda kalale. Mashuka yaache yalivyokunjwa. Baada ya Ijumaa, shangazi yako atakuambia lililotokea. Mimi nisipojibu, jua nimelala.

Mama yako.