Shaba ya Asimwe

Dada Koku, shikamoo, na pole yetu sote.

Mpaka jana huu mji wa Tashkent ulikuwa wangu. Nilikula pilau ya nyama ya farasi sahani tatu, mpishi akatoka jikoni aje aniangalie vizuri. Leo asubuhi ndiyo ukapiga simu kwamba shemeji ametutoka, tukapatana Asimwe asiambiwe habari ya baba yake mpaka amalize mashindano ya judo. Kutwa nzima nimemchua mwanao mabega, maana ndiyo kazi yangu kwenye timu, na mdomo nimeufunga.

Amepigana, dada. Dhahabu kachukua Mjapani, fedha mwenyeji, shaba hutolewa mbili na moja iko shingoni mwa mtoto wa kwetu Ihanda. Aliposhuka jukwaani nikataka kusema, akaniwahi: "Mjomba, tangu asubuhi hujajisifu hata mara moja. Ni Baba?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nilijua kabla sijaingia ulingoni," akasema. "Ningekuuliza ungelia, na mimi nisingeweza kupigana."

Tukalia hapo hapo mbele ya mataifa yote, medali ikinigonga vifungo vya koti.

Najua sisi tutaitangulia kadi hii ya posta kufika nyumbani. Ikifika tutakuwa tumeshamlaza shemeji pale kwenye migomba yake. Isome kwa sauti, nitakuwa nimekaa mkekani pembeni yako. Nami nitajikaza nianze tena kujisifu, mtoto asije akadhani kafa mwingine.

Mdogo wako akupendaye,
Rwegasira wa Tashkent